SOMO: Kutoka bamba hadi umbo la nanochembe, kwa mfano wa oksidi ya seriamu

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "umbo langu la Wulff limetoka la ajabu, tatizo nini?" (Umbo la Wulff ni umbo la chembe ambalo jumla ya nishati ya nyuso zake ni ndogo zaidi; nishati ya uso tunaipata kwa bamba, yaani kipande chembamba cha fuwele chenye uso juu na chini.) Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu. Mfano ni CeO₂, yenye kimiani cha fluoriti, maana nyuso zake zina tabia zote, njema na mbaya. Natumia VASP (programu ya kukokotoa nishati) na pymatgen (maktaba ya Python ya kukata bamba na kuchora umbo). Mwenye Quantum ESPRESSO, hatua hazibadiliki.

1. Legeza fuwele nzima kwanza, yaani acha atomu na seli zijipange hadi nishati iwe ya chini. Tumia PBE+U (hesabu ya DFT, yaani ya nishati ya elektroni, yenye sahihisho U), U ya 5 eV kwenye elektroni za 4f za Ce. Kipimo cha kimiani kitatoka karibu 5.49 Å wakati kipimo cha maabara ni 5.41. Tumia cha kwako. Ukiweka cha maabara, bamba linaanza likiwa limebanwa, na gharama ya kubanwa inajificha ndani ya nishati ya uso.

2. Geuza iwe seli kubwa ya mchemraba kabla ya kutaja namba za Miller (tarakimu kama (111) zinazotaja mwelekeo wa uso). Ukikata kutoka seli ndogo ya msingi, "(100)" yako ni uso mwingine kabisa.

3. Kata (111), (110) na (100). Acha ombwe (nafasi tupu juu ya bamba) la 15 Å.

4. Kagua mkato. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Kwenye (111) tabaka zinapangana O–Ce–O, O–Ce–O. Kata kati ya O na O, kila furushi halina chaji, umemaliza. (110) ni nyepesi zaidi, kila tabaka lina Ce moja kwa O mbili. Balaa ni (100): tabaka la Ce lenye chaji chanya, kisha la oksijeni lenye chaji hasi, hivyo hivyo hadi mwisho. Likikatwa bila kufikiri, upande mmoja unaishia Ce na mwingine O, na bamba zima linakuwa na dipoli (chaji chanya upande mmoja, hasi upande wa pili). Dipoli hiyo inakua kadiri bamba linavyonenepa, kwa hiyo unaongeza tabaka na nishati inazidi kupanda, haitulii. Mtafiti Tasker aliziweka nyuso hizi kwenye aina ya tatu mwaka 1979. Dawa yake: chukua nusu ya oksijeni za upande wenye oksijeni, zihamishie upande wa pili juu ya Ce. Pande zote mbili sasa zina nusu tabaka la oksijeni, na uwiano bado ni 1:2.

Tahadhari mbili:

`is_polar()` ya pymatgen, inayokagua kama bamba lina dipoli, inasoma namba za oksidisho. Usipoziweka, kila atomu inahesabiwa kuwa na chaji sifuri na utajibiwa `False` hata kwa bamba bovu kupindukia. Weka Ce +4 na O −2 kwanza.

`symmetrize=True`, chaguo la pymatgen wakati wa kukata bamba, inaweza kufuta atomu ili pande zifanane. Bamba linapendeza kwa macho, ila uwiano umeshavunjika na fomula ya hatua ya 7 haikuhusu tena. Hesabu atomu mwenyewe.

5. Legeza atomu, seli usiiguse.

6. Ongeza unene hadi nishati ya uso ibadilike chini ya 0.01 J/m². Kwa (111) anza na mafurushi matatu.

7. Nishati ya uso, γ = (E ya bamba − n × E ya fuwele kwa CeO₂ moja) ÷ 2A. E ni nishati, n ni idadi ya CeO₂ kwenye bamba, A ni eneo la upande mmoja. Zidisha kwa 16.022 kutoka eV/Å² kwenda J/m². Tuseme tofauti ni 1.14 eV na A ya (111) ni 13.05 Å²: unapata 0.70 J/m².

8. Zipe `WulffShape` kimiani, namba za Miller na γ zake. Basi.

---

Seli_Mraba: Mkuu (111) yangu ni 1.40, wewe 0.70. Programu ina hitilafu?

Mwandishi: Bamba lina pande mbili. Hatua ya 7.

Seli_Mraba: Nimegawa kwa A kama ulivyosema.

Mwandishi: Nimeandika 2A.

Ombwe15: Kwenye (100) nimewasha LDIPOL (sahihisho la dipoli la VASP), si inatosha bila kuhamisha oksijeni?

Mwandishi: Haitoshi. Ile inafuta athari ya bamba kuhisi nakala zake kupitia ombwe tu. Dipoli ya ndani ya bamba iko palepale. Na ukihamisha, usiishie seli ya 1×1 (kipande kidogo kabisa cha uso kinachojirudia), maana inakupa mpangilio mmoja tu wa oksijeni zilizobaki. Chukua 2×2, jaribu kadhaa, shika wenye nishati ya chini.

kwark_mdogo: haifanyi kazi, msaada haraka

Mwandishi: Nini hakifanyi kazi? Leta ujumbe wa kosa.

Chembechembe: Nimefuata yote. (111) 0.70, (110) 1.05, lakini (110) haionekani kabisa kwenye umbo. Nimekosea, au ndivyo ilivyo?

Mwandishi: Swali zuri hili. Hujakosea. Nyuso za (111) peke yake zinafunga umbo la pembetatu nane. (110) inataka kukata kingo zake, na kingo ziko umbali wa √1.5, yaani mara 1.22 ya umbali wa (111) kutoka katikati. Uwiano wako ni 1.5, kwa hiyo mkato unapita nje ya chembe. (100) inakata ncha, ambazo ziko mbali zaidi, mara √3. Ikiwa na γ chini ya takriban 1.21 J/m² kwa namba zako, itatokea. Ndiyo maana kosa la (100) linabadili umbo zima. Kumbuka pia hizi ni nyuso kavu: maji yakishika (100) γ yake inashuka, na ncha zinaanza kukatika.

Fundi_Fuwele: Nyongeza kwa hatua ya 7. Chora E ya bamba dhidi ya n, mwinuko wa mstari ndio E ya fuwele. Ukichukua E kutoka hesabu nyingine yenye nukta za k (gridi ya sampuli ya hesabu) tofauti, kosa dogo linazidishwa kwa n na γ inateleza kadiri unavyonenepesha.

Mwandishi: Kweli kabisa, naiongeza.

Chembechembe: Nikitaka atomu zenyewe, chembe ya nm 5?

Fundi_Fuwele: Hiyo ni karibu CeO₂ 1,650, atomu kama 5,000. Achana na DFT, tumia potensheli za ioni (fomula rahisi za nguvu kati ya ioni) kwenye programu ya LAMMPS. Ukishakata umbo, uwiano huenda usiwe 1:2 kamili; Ce au O inaweza kuzidi, kulingana na ncha na kingo zilivyokatwa. Hesabu, kisha ondoa zilizozidi, za kwenye ncha kwanza, kisha kingo, hadi ifike 1:2, ndipo upashe joto.