Namna ya Kumchagua Profesa wa Kozi ya Utangulizi ya Masomo ya Walatino kwa Kusoma Maoni ya Wanafunzi Waliotangulia

Katika vyuo vikuu vya Marekani, kozi ya utangulizi ya masomo ya Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini wanaoishi nchini humo, hufundishwa na maprofesa waliobobea katika taaluma zinazotofautiana sana, na mwanafunzi anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza kusoma maoni ya waliomtangulia. Profesa ambaye ni mwanahistoria huenda akaanza na vita vya Marekani na Mexico, akaendelea hadi kwenye uhamiaji wa karne ya 20. Mwanasosholojia ataanza na ajira, makazi, shule na takwimu za sensa, ilhali mtaalamu wa fasihi atawapa wanafunzi mashairi na tawasifu tangu wiki ya kwanza. Jina la kozi ni lile lile, lakini kazi anayoifanya mwanafunzi usiku akiwa na vitabu vyake ni tofauti kabisa. Ndiyo maana maoni mawili yanayopingana kuhusu kozi hiyo yanaweza kuwa ya kweli yote mawili, hasa kama yametoka kwa wanafunzi wa maprofesa wawili au wa mihula iliyopishana kwa miaka mingi.

Unaposoma maoni hayo, tenganisha yanayoeleza jambo lililotendeka na yanayoeleza hisia tu. Mwanafunzi anayeandika kwamba profesa ni mkali hajakuambia kitu unachoweza kukitumia. Anayeandika kwamba kila wiki husomwa sura mbili, kwamba profesa humwita mtu yeyote aeleze hoja ya mwandishi kwa maneno yake mwenyewe, na kwamba insha ya kwanza hurudishwa ikiwa na maelezo marefu pembeni, huyo amekuonyesha darasa lilivyo. Binafsi naupa uzito mkubwa usahihishaji wa insha kuliko jambo jingine lolote. Profesa anayerudisha kazi mapema, akaonyesha ni wapi hoja imekosa ushahidi, humsaidia hata mwanafunzi aliyepata alama ndogo. Na katika madarasa makubwa ni muhimu kujua kama anayesahihisha ni profesa mwenyewe au ni wasaidizi wake, kwa sababu malalamiko mengi yanayomwangukia profesa huwa yanahusu kikundi cha majadiliano kilichoongozwa na mtu mwingine.

Angalia pia maoni yaliandikwa lini. Mwaka 2020 jimbo la California lilipitisha sheria inayowataka wanafunzi wa shahada ya kwanza katika mfumo wa California State University wasome kozi ya masomo ya makabila na jamii zilizobaguliwa, na masomo ya Walatino na Wachikano (Wamarekani wenye asili ya Mexico) ni miongoni mwa yanayokidhi sharti hilo. Kozi inapokuwa njia ya kutimiza sharti, darasani huingia wanafunzi wengi ambao hawakuichagua kwa kuipenda, na hali hiyo hubadilisha mjadala, ukubwa wa darasa na hata aina ya mitihani. Maoni ya kabla ya badiliko kama hilo hayakupi picha kamili ya darasa utakalolikuta.

Lipo jambo jingine linalotaka uangalifu. Tafiti kadhaa kuhusu tathmini za wanafunzi zimeonyesha kwamba wanafunzi hawawapimi walimu wote kwa kipimo kimoja. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2015, wanafunzi wa kozi ya mtandaoni waliwapa alama za juu walimu waliodhaniwa kuwa wanaume, hata pale aliyekuwa akiwafundisha alipokuwa mwanamke. Kozi ya masomo ya Walatino mara nyingi hufundishwa na wanawake na Walatino wenyewe, tena inagusa rangi, uhamiaji na uraia. Basi ukikuta mtu analalamikia lafudhi ya profesa, au anasema profesa ana hasira bila kutaja alichokifanya, usiyahesabu maoni hayo kuwa ni ushahidi.

Lalamiko ambalo huonekana mara kwa mara ni kwamba profesa anachanganya siasa na masomo. Ili ulipime kwa haki, unahitaji kujua taaluma hii ilivyozaliwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari za mashariki ya Los Angeles waligoma wakidai elimu bora; Novemba ya mwaka huo mgomo ukaanza katika chuo cha San Francisco State, ukadumu hadi Machi 1969 na kuzaa kitivo cha kwanza nchini cha masomo ya makabila na jamii zilizobaguliwa. Aprili 1969 wanafunzi na walimu Wachikano walikutana Santa Barbara kuandaa mpango wa kuanzisha programu za masomo ya Wachikano vyuoni, na mwezi huo huo wanafunzi Weusi na wa asili ya Puerto Rico waliteka sehemu ya City College huko New York wakidai, pamoja na mengine, masomo yanayohusu historia yao. Kwa hiyo profesa anayezungumzia madai ya haki anafundisha historia ya taaluma yenyewe. Linalopaswa kukusumbua ni tofauti: je, mwanafunzi aliyetoa hoja inayopingana na ya profesa, akaitetea kwa ushahidi, alisikilizwa na kusahihishwa kwa haki? Tafuta jibu la swali hilo katika maoni.

Baada ya hapo omba muhtasari wa kozi, kwa kuwa unasema mengi ambayo wanafunzi huyasahau. Hesabu ni wiki ngapi zimetengewa Wamarekani wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Cuba, Jamhuri ya Dominika na nchi za Amerika ya Kati. Katika vyuo vya California na Texas uzito huelekea kwa Wachikano, New York huelekea kwa watu wa Puerto Rico na Dominika, na Miami huelekea kwa Wakuba. Si kosa, lakini profesa mzuri hueleza kwa nini ameamua hivyo.

Tazama vilevile kama kuna nyaraka za asili. Chukua mfano wa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliomaliza vita vya Marekani na Mexico na kutiwa saini tarehe 2 Februari 1848. Profesa mmoja ataueleza kwa dakika kumi na kuuliza tarehe yake kwenye mtihani. Mwingine atawapa wanafunzi Ibara ya VIII, iliyoahidi kuheshimu mali za Wameksiko waliobaki upande wa Marekani, kisha awape Ibara ya X, iliyohusu hati za ardhi zilizotolewa na Mexico na ambayo Seneti ya Marekani iliiondoa kabla ya kuridhia, na awaulize kuondolewa huko kulimaanisha nini kwa familia iliyokuwa na shamba New Mexico. Darasa la pili ni gumu zaidi, na ndilo ningekushauri uingie, hata kama alama ya wastani inayotajwa na waliotangulia iko chini kidogo.

Nafasi yako mwenyewe darasani nayo ina maana. Wanafunzi Walatino huchoshwa na profesa anayewageukia kila mara waseme kwa niaba ya jamii nzima, kana kwamba kijana wa familia ya El Salvador anaweza kumjibia mwenye asili ya Cuba. Wasio Walatino huogopa kusema kwa kuhofia kukosea, na maoni yao hukuonyesha kama profesa anaweka utaratibu wa kukosoana kwa heshima. Mwanafunzi aliyetoka nje ya Marekani hukosa historia ambayo wenzake wameisoma sekondari, kwa mfano kwamba watu wa Puerto Rico wamekuwa raia wa Marekani tangu mwaka 1917, na anafaidika na profesa asiyedhani kuwa kila mtu anajua. Kozi nyingi za utangulizi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini ni vyema kuuliza kama maandishi ya Kihispania hutolewa pamoja na tafsiri.

Wiki ya kwanza ya muhula, wakati bado unaruhusiwa kubadilisha kozi bila adhabu, hudhuria kipindi kisha umtembelee profesa katika saa alizotenga za kuonana na wanafunzi. Mwite kwa cheo chake na jina la ukoo mpaka akuelekeze vinginevyo. Muulize insha nzuri katika kozi yake huwa na nini, na kama anapokea rasimu kabla ya tarehe ya mwisho. Namna anavyojibu itathibitisha au kukanusha uliyoyasoma.

Muhula ukiisha, nawe andika maoni yako kabla dirisha la tathmini halijafungwa. Taja muhula, ukubwa wa darasa, kiasi cha kusoma, nani alisahihisha, na kipindi kimoja kilichokufundisha kitu, ukieleza kilichofanyika ndani yake hatua kwa hatua. Kama ulipata alama mbaya, subiri hasira itulie kwanza, kisha useme ulichokifanya wewe na alichokifanya profesa, kila kimoja mahali pake.