Kulikagua Jiko la Kuni la Zamani Kabla ya Kuliwasha

Jiko la chuma lililokaa miaka mingi uani mwa nyumba ya Mombasa huoza upesi kuliko lile lililohifadhiwa bara, kwa sababu hewa ya bahari hubeba chumvi, na jivu lililosahaulika ndani hufyonza unyevu na kuushikiza kwenye chuma usiku na mchana. Kwa hiyo ukaguzi uanzie chini ya jivu. Jiko lililotoka kupakwa rangi nyeusi na muuzaji lichunguzwe maradufu, maana rangi huficha nyufa.

Zoa jivu lote, sugua sakafu ya jiko kwa brashi ya waya, kisha chukua bisibisi kuukuu na ubonyeze kwa nguvu penye kutu, hasa pembeni na pale bati la chini linapokutana na ubavu. Kutu ya juujuu hutoka kama unga, na chuma kilicho chini yake hubaki kigumu. Kutu iliyokwisha kula chuma hutoka kwa maganda, na ncha ya bisibisi huzama. Jiko la namna hiyo, kwa maoni yangu, halistahili hata nauli ya kulipeleka kwa fundi. Ikiwa jiko ni la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, tafuta nyufa zaidi kuliko kutu, na ujue kwamba ufa uliochomelewa kwa njia ya kawaida aghalabu hufunguka tena kando ya mshono moto unapokolea.

Usiku, weka kurunzi inayowaka ndani, funga mlango, kisha lizunguke jiko: panapopenya mwanga, moshi nao utapenya. Banisha kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikichomoka kwa urahisi, utepe wa kuzibia umechakaa. Tepe za zamani huweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa, hivyo usiukwangue mwenyewe.

Bomba la moshi lifunguliwe. Masizi laini huondolewa kwa brashi ndefu, na yakifikia unene wa milimita 3, jiko lisiwashwe kabla ya kusafishwa. Tabaka gumu linalong'aa kama lami ni la kuogopwa zaidi, kwani lenyewe hushika moto ndani ya bomba. Huletwa na kuni mbichi na moto uliofifishwa usiku kucha. Bomba la mabati yaliyopakwa zinki libadilishwe, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi na mvuke wake hudhuru mapafu.

Jiko likae angalau sentimita 90 kutoka kwenye mbao. Chini ya makuti lisiwekwe kabisa, hata likiwa zima, kwa kuwa cheche moja yatosha.

Moto wa kwanza uwe mdogo, na milango na madirisha yote yawe wazi. Washa kijiti cha udi ukipitishe karibu na kila kiungo: moshi wake ukivutwa ndani, bomba linafanya kazi, ukisukumwa nje, pana kasoro. Jaribio hili lirudiwe upepo wa kaskazi unapopisha kusi, kwani katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana, bomba lililovuta vizuri mwezi Januari laweza kurudisha moshi chumbani mwezi Juni. Moshi unaorudi chumbani huja na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, watoeni watu wote nje kwanza, naye apelekwe hospitali.