Ukuta ukiota kuvu, usikimbilie burashi

Bi mmoja wa Kibokoni, Mombasa, alinipigia simu masika yalipokwisha. "Fundi, ile rangi yako imeota ndevu. Njoo uione."

Nikaenda. Ukuta niliokuwa nimeupaka rangi ya mafuta miezi minane nyuma ulikuwa na madoa meusi nyuma ya kabati la nguo, na karibu na sakafu yalikuwa ya kijani, yana manyoya. Harufu ilikuwa ya kanzu iliyokunjwa mbichi. Mjukuu wake ndiye anayelala humo. "Mtoto yuwakohoa usiku kucha," akaniambia, "lakini akishaenda chuoni kifua chatulia." Neno hilo lilitosha. Kikohozi kinachobaki nyumbani mtoto akitoka, kitafute chumbani.

Mimi sikukitafuta. Nilitoa burashi ya waya, nikawasha pangaboi kwa sababu ya joto, nikaanza kukwangua pakavu. Kwenye mwale wa jua wa dirishani nikaona vumbi la kijanikijani limesimama hewani, halishuki. Usiku ule kifua changu kilipiga filimbi hadi alfajiri, nami sina pumu.

Vumbi lile ni mbegu za kuvu, wasomi huziita spora. Ni ndogo mno: nyingi zina upana wa mikroni 2 hadi 10, na unywele wa mtu unakaribia mikroni 70. Chavua ya miti na nyasi ni kubwa zaidi, kwa hiyo nyingi hunaswa puani, ukapiga chafya, macho yakawasha. Spora ndogo hupita pua na koo zikaingia kifuani, na mwenye pumu njia zake za hewa hubana. (Jirani yangu alikata mwembe akidai maua yake ndiyo yanamtoa chafya. Chavua ya mwembe inanata, hubebwa zaidi na nzi na wadudu wengine. Angeshuku nyasi, au mvinje, ambao chavua yake huenda na upepo. Embe tumezikosa, na chafya ziko palepale.)

Usijaribu kuzimaliza spora. Ziko nje, ziko sokoni, ziko kwenye nguo uliyovaa, na bila kuvu majani ya mwarobaini yasingeoza chini ya mti. Unachoweza kuzinyima ni maji. Pakibaki na unyevu siku moja au mbili, zinaanza kuota.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta maji yanatoka wapi. Doa likianzia juu likishuka, panda ukaangalie paa na mfereji wake. Likiwa kando ya choo au jiko, ni bomba. Likipanda kutoka sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, maji ya ardhini yananyonywa na ukuta. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe hunywa maji kama sifongo, na chumvi juu yake. Ukiwa na shaka, chukua nailoni ya kujalidia madaftari (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, usinitafutie balaa), kata kipande cha shubiri mbili kwa mbili, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, uliogusa ukuta, maji yamo ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba: nguo zinazoanikwa ndani, sufuria bila kifuniko, dirisha lisilofunguliwa.

Bila hilo usinunue chochote dukani. Nimeona watu wakipaka "dawa ya kuvu" mara tatu juu ya bomba linalovuja.

Sasa kuondoa. Mtoto, mzee na mwenye pumu watoke, si chumbani tu, watoke nyumbani kwa siku hiyo. Zima pangaboi. Fungua dirisha la nje, funga mlango wa ndani, ziba upenyo wa chini kwa kitambaa kibichi. Vaa barakoa ya N95. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu kidogo hivyo. Kisha lowesha: chupa ya kunyunyizia, maji na sabuni kidogo, nyunyiza doa taratibu mpaka liwe jeusi la kung'aa. Spora iliyolowa hairuki. Futa kwa kitambaa kutoka pembeni ukija katikati, usirudie upande uliochafuka, na vitambaa ukimaliza vifunge ndani ya kitu uvitupe. Doa likizidi mita moja ya mraba hivi, tafuta mtu mwenye vifaa.

Jiki? Kwenye vigae vya bafu, sawa. Kwenye ukuta wa matumbawe inaondoa weusi machoni tu, maji yake yanazama ndani yakailisha kuvu iliyobaki. Na usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa ya asidi ya choo: hutoa gesi ya klorini, na hiyo itakukohoza vibaya kuliko kuvu yoyote.

Hapa ndipo nilipowakosea watu kwa miaka. Ukuta wa zamani ulijengwa kwa chokaa ili upumue: unanywa unyevu usiku, unautoa mchana. Mimi nikaja na saruji na rangi ya mafuta, kama kumvalisha mtu koti la mvua juani. Maji yanakwama nyuma ya rangi, rangi inavimba malengelenge, na kuvu inapata unyevu pamoja na chakula, maana hula vumbi na gundi iliyomo ndani ya rangi. Bandua rangi hiyo, ukiwa umeilowesha. Uache ukuta ukauke wiki kadhaa, ikiwezekana kipindi cha kaskazi, Januari au Februari. Mwezi wa Mei usiguse.

Kisha chokaa iliyozimwa, iliyolowekwa pipani muda mrefu, uichuje iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta kwanza. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji matupu, mteja atakutazama vibaya. Subiri kesho yake, utakuta umeng'aa. Piga mitatu au minne, myembamba. Chokaa ambayo haijakauka ni kali na kuvu haiipendi, lakini hata jicho lako haliipendi, basi vaa miwani, na ikikurukia suuza kwa maji mengi uende hospitali.

Godoro nalo lina wadudu wasioonekana wanaokula ngozi tunayopukutisha. Kinyesi chao kinapopeperuka kinachokoza pumu. Foronya na mashuka yafue kwa maji moto ya nyuzi 60, wiki kwa wiki. Bawa la pangaboi lisafishe kwa kulivisha foronya mbichi na kuivuta: vumbi linabaki ndani ya foronya, halikuangukii kitandani. Mwenye kiyoyozi asafishe chujio na trei ya maji.

Na udi. Najua nitagombana na watu. Kufukiza chumba chenye kuvu kunafunika harufu tu, kuvu haifi, na moshi wenyewe ni chembe ndogo zinazoingia kulekule kifuani. Bi alininunia. Siku hizi chetezo kinakaa uani, na nguo zake anazifukiza hukohuko.

Mtoto akipumua kwa filimbi, mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kumaliza sentensi, mwache fundi, mkimbize hospitali.

Kazi ya Kibokoni niliirudia Januari, bila malipo, chokaa alinunua yeye. Mjukuu bado ana inhela yake, ila usiku analala. Kabati nililisogeza shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite, na kila nikipita barazani Bi hunikumbusha: "Fundi, umenila shubiri nzima ya nyumba yangu."