Namna ya kupima uhakika wa maji ya mji kwa jicho la mtaalamu

Mhandisi wa maji anayeulizwa kama mji una maji ya uhakika huanza na siku mbaya kuliko zote za kiangazi, kisha huuliza ni lita ngapi zitakazofika bombani siku hiyo. Diwani, mwandishi au mkazi wa kawaida anaweza kufuata njia hiyo hiyo, na Dar es Salaam inafaa sana kwa zoezi hili.

Orodhesha kwanza vyanzo, na kando ya kila kimoja andika kinategemea nini. Mtambo wa Ruvu Chini ulipanuliwa hadi kufikia lita milioni 270 kwa siku, na ule wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, lita milioni 196. Kwenye orodha hiyo ni mitambo miwili, lakini mtaalamu huihesabu kama chanzo kimoja, kwa kuwa yote inateka maji ya mto mmoja. Mto huo ulipopungua mwishoni mwa mwaka 2022, jiji liliingia kwenye mgawo, na visima virefu vya Kigamboni vikaanza kutegemewa. Bwawa la Kidunda, lililosanifiwa kuhifadhi takriban lita bilioni 190, litafaa kwa sababu litaweka akiba ya maji ya masika kwa ajili ya kiangazi.

Hatua ya pili ndiyo inayofichua mengi. Chukua maji yaliyozalishwa, toa yaliyotozwa ankara, kisha gawanya tofauti hiyo kwa yaliyozalishwa. Hapo utapata kiwango cha upotevu. Kiwango hicho peke yake hakitoshi, kwani kinachanganya mabomba yanayovuja, maunganisho ya wizi na dira (mita za maji) zilizochoka. Ili kutenganisha, wataalamu hufunga eneo moja kwa valvu na kusoma dira kuu kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala: kinachopita wakati huo kwa sehemu kubwa ni mvujo. Katika miji yetu, hata hivyo, kipimo hiki hudanganya kwa urahisi, maana wengi hujaza matenki yao usiku huo huo. Rudia usomaji kwa usiku kadhaa, baada ya matenki kujaa, ndipo uuamini.

Tatu, angalia saa za huduma. Bomba likikauka wakati wa mgawo, maji machafu ya ardhini hupenya kwenye nyufa, kwa hiyo mgawo ni suala la afya pia. Pima klorini kwenye bomba la mwisho wa mtandao mara maji yanaporudi. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita inapomfikia mtumiaji.

Mwisho, uliza pampu kuu zina umeme wa akiba wa saa ngapi, na omba kuona kumbukumbu za mara ya mwisho umeme ulipokatika.