Laptopu 40 darasani: anza na umeme

Kabla hujaziingiza darasani, piga hesabu ya umeme. Chaja 40 za wati 65 zikivuta kwa pamoja ni wati 2,600, yaani zaidi ya ampea 11 kwenye volti 230. Ekstensheni moja yenye fyuzi ya ampea 13 itabeba kwa shida. Na kama waya umebaki umeviringwa kwenye gurudumu lake, utapata moto hata plastiki ianze kuyeyuka. Ukunjue wote, tumia soketi mbili za ukutani, chaji 20 kwa zamu. Andika namba ileile kwenye laptopu, kwenye chaja yake na kando ya jina la mwanafunzi kwenye daftari. Masasisho yafanyike baada ya masomo: mashine 40 zikipakua pamoja, intaneti inakwama na kipindi kimeliwa.