SOMO: Picha zako za likizo, namna ya kuomba watu wakwambie ukweli

Habari za muda huu wadau. Juzi mtoto wa dada yangu, yupo kidato cha tatu, kaniletea simu ina picha 120 za likizo, Coco Beach, Kigamboni na siku moja walioenda Bagamoyo, afu akaniuliza "anko, ni nzuri?" Nikamjibu nzuri sana, na hapo hapo nikaona kanywea, maana hiyo nzuri sana alishaisikia kwa mama yake na kwa bibi yake, yeye alikua anatafuta kitu cha kufanyia kazi. Iliniuma kiukweli. Mimi napiga harusi na vipaimara hapa mjini na kilichonikomaza ni mzee mmoja aliyekua hanifichi kitu, kwahiyo hili somo ni la huyu dogo na wenzake wote wanaoanza.

Hatua ya 1, chuja. Picha 120 hakuna mtu atakukosolea, atapitisha kidole tu basi. Bakisha tano. Hapa ndo pagumu, unaipenda picha kwa sababu siku ile mlicheka sana, ila anayeangalia hakuwepo, yeye anaona kilichoingia kwenye fremu tu.

Hatua ya 2, zitume nzima. Ukituma WhatsApp kawaida inazibana, tuma kama dokumenti. Na filta toa, la sivyo watakosoa filta badala ya jicho lako.

Hatua ya 3, uliza swali lenye jibu. Achana na "nzuri?", uliza "jicho lako limetua wapi kwanza?" Nilichukua picha moja ya dogo, mdogo wake kashika muhogo wa Coco umepakwa pilipili, nyuma bahari, nikampa jirani bila kumwambia chochote. Akasema "kwenye ndoo." Ndoo! Ni kweli, begani kwa mtoto kuna ndoo ya bluu ya muuza muhogo inang'aa kuliko kila kitu, na uso wa mtoto umekua giza mpaka macho huyaoni.

Hapa nikae kidogo maana hili kosa nalionaga kila siku. Kamera inapima mwanga wa fremu nzima na inataka uwe wa wastani, sasa bahari na mchanga vikijaa inaona mwanga umezidi, inaitia giza picha yote, na ngozi zetu ndo zinaumia. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwenye skrini afu pandisha kile kijialama cha jua, kwenye kamera tafuta kitufe chenye +/- upandishe mpaka +1. Ila dawa kubwa ni saa. Coco inatazama mashariki, asubuhi jua linatokea baharini kwahiyo mtu akiipa bahari mgongo uso unakua kivulini, lakini jioni saa kumi na moja jua liko upande wa nchi kavu, linampiga usoni taratibu. Dogo alipiga saa saba mchana, jua karibu na utosi, macho yote yakawa mashimo. Na ndoo? Hatua mbili kushoto tu ingejificha nyuma ya mtoto.

Hatua ya 4, chagua watu. Mmoja anayepiga picha, mmoja asiyejua chochote kuhusu picha, na mmoja asiyekuonea haya. Mama abaki wa kukutia moyo, na moyo unauhitaji sana.

Hatua ya 5, wakiongea nyamaza uandike. Usianze "unajua pale palikua na watu wengi", picha haitembei na wewe kuielezea. Wawili wakitaja kitu kile kile bila kusikiana, hicho kipo. Ila kejeli usiipokee. Nilipokua naanza nilipeleka picha kwa mwenye studio mmoja akacheka mbele ya wateja wake, hakusema kosa liko wapi, nikakaa miezi minne sijashika kamera. Asiyekuonyesha kosa lilipo hajakukosoa, amekuumiza tu.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu mimi nina simu ya kawaida, nisubiri ninunue kamera kwanza?
Jibu: Usisubiri. Futa lenzi na kitambaa safi, usivute picha kwa vidole (zoom), sogea kwa miguu. Makosa yote niliyotaja juu yanarekebishika kwa simu.

Dada wa Kigamboni: Za kwenye pantoni jioni zinatoka zimetikisika zote, tatizo nini?
Jibu: Dada yangu pantoni inatetemeka na mwanga ni mdogo, simu inaacha shata, yaani mlango wa kuingiza mwanga, wazi muda mrefu. Ingia mode ya Pro, weka shata 1/250 ya sekunde, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) panda 800 hata 1600. Zitaonekana chenga kidogo ila afadhali chenga kuliko ukungu. Na usielekeze kamera upande wa Ikulu tafadhali.

Mdau wa Temeke: Wavuvi pale soko la Feri wakiona kamera wanakua wakali.
Jibu: Salimia kwanza, "shikamoo mzee, naomba nikupige picha ukiwa kazini." Akikataa shukuru uondoke. Akikubali, ukirudi mpelekee picha yake, utakua umepata rafiki.

Dogo mwenyewe: Anko shikamoo, nimerudi Coco jana saa kumi na moja, nimekutumia tatu kama dokumenti. Jicho lako limetua wapi kwanza?
Jibu: Marahaba mwanangu. Ya kwanza, kwenye mstari wa bahari, umelala kushoto, unyooshe. Ya pili limetua kwenye kidole gumba cha yule mama anayepaka pilipili na halijatoka hapo, hiyo kaisafishe saizi ya inchi 8x10 niiweke sebuleni. Ya tatu limezunguka halijapata pa kukaa. Jumamosi twende wote.