Nyumba ya Benki, Pesa za Dalali: Namna ya Kufanya Kazi na Kampuni Zinazosimamia Nyumba Zilizotwaliwa

Mwenye nyumba akishindwa na mkopo na benki ikaitwaa nyumba, mara nyingi benki haiiuzi yenyewe. Huikabidhi kampuni ya usimamizi, na kampuni hiyo humtafuta dalali wa mtaa. Mimi nafanya kazi hii Minnesota, zaidi Minneapolis kaskazini na Brooklyn Park, ambako watu wetu kutoka Afrika Mashariki ni wengi. Madalali wanaoanza huniuliza kama nyumba za benki zinalipa. Zinalipa, ila kwa sharti moja: usiikopeshe benki pesa zako. Karibu kila kero ya kazi hii inatoka hapo. Anayeamua yuko Texas au Florida, nyumba hajaiona na hataiona, na gharama zote zinaanzia mfukoni mwako.

Kabla hujatia sahihi

Kampuni itakutumia mkataba mrefu na kukuhimiza uurudishe siku hiyo hiyo. Chukua siku zako, usome na kalamu mkononi.

Tafuta kwanza wanakata nini. Nyingi huchukua sehemu ya kamisheni yako kwa kukuletea kazi. Tuseme nyumba imeuzwa dola 150,000, na upande wako unalipwa asilimia 2.5. Hizo ni dola 3,750. Kampuni ikikata asilimia 30, zinabaki 2,625. Ofisi uliyosajiliwa nayo ikichukua asilimia 30 ya hizo, unabaki na dola 1,837 na senti kidogo, kabla ya kodi, mafuta ya gari na nyasi ulizolipia. Fanya hesabu hii kwa kila nyumba kabla ya kuikubali. Kuna nyumba utazikataa hapo hapo, na utakuwa umefanya vyema.

Kisha tafuta kipengele kinachosema dalali atalipa kwanza halafu arudishiwe. Stima, gesi, maji, nyasi, kufuli, kuzoa takataka: vyote vinaweza kuwekwa juu yako. Mimi huomba mabadiliko mawili kwa maandishi. Akaunti za stima na gesi zifunguliwe kwa jina la benki, kwa kuwa ndiyo mwenye nyumba. Na kuwe na kikomo: nikidai dola 500 kwa nyumba moja, sitoi hata senti nyingine mpaka hizo ziingie. Kampuni zingine hukataa. Zingine hukubali bila mabishano, kwa sababu madalali wengi hawaulizi.

Kuna pia kipengele kinachokufanya uibebe hasara ya benki hata pale ulipofuata agizo lao wenyewe. Hicho mpelekee wakili, na uwaulize watu wa bima yako ya makosa ya kazi kama wanakilipia.

Kufuli isubiri

Agizo la kwanza huja hivi: nenda uone kama kuna mtu, piga picha, badilisha kufuli. Nenda, piga picha, lakini kufuli isubiri. Hapa Minnesota, baada ya mnada wa sherifu mwenye nyumba kwa kawaida ana miezi 6 ya kuikomboa nyumba yake, na katika muda huo ana haki ya kuishi humo. Faili zingine humfikia dalali kabla muda huo haujaisha. Tafuta hati ya mnada katika rekodi za kaunti, uhesabu miezi mwenyewe. Kumfungia mtu nje bila amri ya mahakama kunaweza kuwa kosa la jinai, na atakayekuwa amesimama mlangoni na fundi wa kufuli ni wewe.

Mpangaji naye ana kinga yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2009, iliyokoma mwisho wa 2014 na kurudishwa 2018 bila kikomo cha muda, inampa mpangaji halali notisi ya angalau siku 90, na mara nyingi haki ya kukaa mpaka mkataba wake uishe. Nimewahi kugonga mlango nikafunguliwa na mama aliyenikaribisha kwa Kiswahili, mama aliyelipa kodi kila mwezi na hakuwa na habari kwamba nyumba imenadiwa. Nilimwambia, “Mama, nimetumwa na upande wa benki, kwa hiyo mimi siwezi kuwa mshauri wako. Usitie sahihi karatasi yoyote, hata hii niliyokuja nayo, kabla hujaonana na wakili wa msaada wa bure.” Ndivyo inavyopaswa kusemwa, na kwa lugha anayoielewa. Ukweli huo hauinyimi benki chochote.

Mara nyingi benki iko tayari kumlipa mkaaji ahame kwa hiari na aache nyumba safi. Kampuni itaanza na kiasi kidogo na siku chache. Usibishane nao kwa simu. Waandikie gharama ya kesi mahakamani na wiki zitakazopotea, uweke kando yake kiasi anachoomba mkaaji. Tarakimu hizo mbili zikiwa pamoja, meneja wa kampuni anayeshughulikia faili yako ana kitu cha kumwonyesha mkubwa wake. Malipo yatoke kwa hundi ya kampuni siku ya kukabidhi funguo. Usitoe zako ukitumaini kurudishiwa.

Baridi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nyumba zinapoharibika na lawama kumwangukia dalali.

Nyumba nyingi za Minneapolis kaskazini zilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na zinapashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka ndani ya redieta za chuma. Fomu za kampuni za kuandaa nyumba tupu kwa baridi, kwa kadiri nilivyoziona, zimeandikwa kwa kufikiria nyumba zinazopashwa joto kwa hewa. Fundi anakuja na kompresa, anakausha mabomba ya jikoni na bafuni, anamimina dawa ya kuzuia kuganda chooni, anabandika karatasi na kuondoka. Maji ya boila, yaani mtambo unaoyapasha moto, na ya redieta yamebaki palepale. Januari ikifika na kipimo kikashuka chini ya nyuzi 20 hasi, maji hayo yanaganda, yanatanuka na kupasua chuma. Hakuna anayejua mpaka siku mtu atakapojaza mfumo upya, dari ikaanza kuvuja vyumba vyote.

Kwa hiyo katika ripoti yako ya kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa, andika kwamba joto la nyumba hii ni la maji, na kwamba boila na redieta zikaushwe pia au joto liachwe likiwaka. Piga picha boila, redieta moja ya kila chumba, na mita ya maji. Agizo la kazi likirudi bila neno boila ndani yake, lirudishe. Fundi akimaliza, omba picha ya valvu ya chini ya boila ikiwa wazi na imekauka.

Mnunuzi akitaka ukaguzi, maji lazima yafunguliwe tena, na kampuni nyingi humtaka yeye alipie kufungua na kukausha upya. Mwambie hilo kabla hajaandika ofa. Omba ruhusa wiki mbili mapema, na joto liwake siku nzima kabla ya maji kuingia.

Halafu kuna theluji. Jiji la Minneapolis linataka njia ya miguu mbele ya nyumba iwe imesafishwa ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka, la sivyo jiji linaweza kuisafisha na kumdai mwenye nyumba. Mkandarasi aliye kwenye orodha ya kampuni huenda anatoka mbali sana. Piga picha yenye tarehe na saa, itume, na uwaache waamue. Koleo lako libaki kwenye gari.

Mambo ambayo meneja wa mbali hayajui

Minneapolis na Saint Paul zinataka nyumba ikaguliwe na mkaguzi mwenye leseni ya jiji kabla ya kutangazwa kuuzwa. Minneapolis hata huorodhesha matengenezo ya lazima, ambayo muuzaji ayafanye au mnunuzi ayachukue kwa maandishi. Sheria ya Minnesota inataka muuzaji aseme kama kuna kisima kwenye kiwanja na maji machafu yanakwenda wapi. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inahitaji fomu ya rangi yenye madini ya risasi, na benki haiwezi kuikwepa kwa kusema kwamba iliipata mnadani. Haya yote yaandike katika ukurasa mmoja, uutume pamoja na ripoti ya kwanza, kila mara, hata kama meneja ni yuleyule.

Na usidhani ukimya wa benki unakufunika. Benki itasema inauza nyumba kama ilivyo na haijui chochote. Wewe umeingia chumba cha chini ya nyumba ukaona maji ukutani, kwa hiyo unajua, na leseni yako inakutaka useme.

Bei

Makadirio ya bei, zile BPO tunazojaza, meneja huyalinganisha na bei iliyopigwa na kompyuta. Kompyuta haijui kwamba mabomba ya shaba yameibwa. Malalamiko hayatamgeuza. Kinachomgeuza ni nyumba tatu zilizouzwa katika hali kama hiyo, na makisio ya mafundi wawili.

Hoja iliyonisaidia zaidi ni ya mkopo. Nyumba isiyo na joto haipiti kwa mkopo wa kawaida wa FHA, shirika la serikali linalodhamini mikopo ya nyumba. Wanabaki wenye pesa taslimu, au mkopo wa matengenezo wa 203(k), ambao aina yake ndogo tangu mwisho wa 2024 inaruhusu hadi dola 75,000 za kazi, ingawa wakopeshaji wengi huukwepa. Kwa hiyo mweleze meneja hivi: boila mpya inafungua mlango kwa familia zinazotafuta nyumba ya kwanza, na familia hulipa zaidi ya mtu wa kununua na kuuza. Wakati mwingine watakubali. Nami hufurahi kweli, kwa sababu nyumba inapata watu wa kukaa.

Ofa

“Ndiyo” iliyoandikwa kwenye tovuti ya kampuni bado haijawa mkataba. Uuzaji wa nyumba unataka maandishi yenye sahihi, na benki hutia sahihi mwisho, siku kadhaa baada ya mnunuzi. Katikati hapo ofa nyingine inaweza kupita. Mwambie wakala wa mnunuzi wazi: mteja wake asitoe notisi ya kuhama bado. Nyongeza ya benki, yaani karatasi ya masharti yake inayoambatishwa kwenye mkataba, nayo hufuta mengi ya mkataba wa kawaida, na mara nyingi humtoza mnunuzi faini ya kila siku akichelewa, huku benki ikichelewa bila kulipa kitu. Mtumie nyongeza hiyo kabla ya ofa, aisome na mteja wake. Na tangu Agosti 2024 malipo ya wakala wa mnunuzi hayaandikwi tena kwenye MLS, ile orodha ya pamoja ya madalali ya nyumba zinazouzwa, kwa hiyo muulize meneja kwa maandishi, siku ya kwanza, benki itatoa kiasi gani.

Meneja akibadilishwa, na hubadilishwa sana, historia yote hupotea. Weka faili yako mwenyewe, na mpya akiingia mtumie muhtasari: nani yumo ndani, hali ya joto na maji, bei, ofa, na pesa unazodai.

Risiti

Tuma kila risiti wiki ileile, ikiwa na namba ya faili, picha ya kabla na ya baada, na namba ya agizo lililokuruhusu. Hakuna agizo, hakuna kazi. Risiti ya mwisho iingie kabla ya siku ya kufunga mauzo, maana faili ikishafungwa tovuti nyingi hazipokei tena. Na kampuni ikikuletea nyumba mpya kabla haijalipa ya zamani, jibu kwa barua pepe fupi yenye invoisi zote, tarehe na kiasi, na useme utaipokea siku pesa hizo zitakapoingia.